Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Reli, Barabara na Turathi: Treni Imefika Pwani, Lamu Bado Iko Mbali

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya uchukuzi wa reli, barabara kuu, usalama wa wasafiri, utalii na turathi, katika Serikali ya Taifa na katika serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: SAFARI YA TRENI NA BARABARA KUTOKA NAIROBI HADI LAMU

Assalaam alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu, salamu za heshima.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Tangu nilipokabidhi chaki nimekuwa nikiwapokea na kuwatembeza wanafunzi, familia na wageni wanaokuja kuuona mji wa Amu, yaani Lamu, wengi wao wakiwa Wakenya wa bara ambao bahari wameijua kwenye vitabu. Sikuanza kwa barua ya wazi. Niliandika tatu za faragha kwanza. Ya kwanza niliikabidhi kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, na nakala yenye muhuri huo ninayo mpaka leo. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba treni ikishafika kituoni kazi ya ofisi ile imekwisha. Ya tatu nilielekezwa kwa ofisi ile ile ya kwanza. Kila aliyenijibu alinijibu kwa adabu, na kila mmoja alinisukuma kwa mwenzake, hata nikatambua kwamba jambo lenyewe linapigwa danadana kwa kuwa limeangukia mahali ambapo mpaka wa ofisi moja unakoma na wa nyingine haujaanza. Ndiyo maana safari hii nawaandikia nyote pamoja, na mbele ya watu.

Reli ipo, na lami ipo. Kinachotutesa ni viungio: pale treni inapokutana na basi, basi linapokutana na maji, na barabara inapokutana na bahari. Kila mmoja wenu ametengeneza ubao wake vizuri, lakini fundi yeyote wa mashua hapa atawaambia kwamba chombo huvuja penye maungio.

Niruhusuni nieleze safari moja tu. Nilitarajia wanafunzi 34 na walimu wao watatu kutoka shule ya sekondari ya bara. Walipanda treni ya asubuhi Nairobi wakashuka Miritini, kituo cha mwisho cha treni Mombasa, mchana, yapata saa nane. Hapo hapakuwa na gari la kuwapeleka kokote isipokuwa mjini, wakagawanyika kwenye matatu tatu, na moja kati ya hizo, yenye begi za wasichana, ikaishia steji nyingine. Walipokusanyika Mwembe Tayari, steji ya mabasi ya Lamu kisiwani Mombasa, ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, na mabasi ya Lamu yalikuwa yameondoka tangu asubuhi. Walimu wakanipigia simu. Nikawaombea ukumbi wa madrasa Malindi, wakafika baada ya isha, wakalala kwenye mikeka. Alfajiri wakapanda basi. Kwenye kizuizi kimoja abiria wote walishushwa ili wapite kwa miguu, kitambulisho mkononi, na kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha tatu hawana vitambulisho, barua ya mwalimu mkuu ikasomwa, ikageuzwa nyuma kutazamwa kama kuna maandishi mengine, ikapelekwa kibandani, na basi zima likangoja dakika arubaini. Waliingia Lamu saa nane mchana siku ya pili, na ilibidi waondoke alfajiri ya siku ya tatu.

Nikawapitisha mbio. Ndani ya ngome msichana mmoja alisimama akaweka kidole kwenye ukuta, mahali plasta ilipobanduka, akafuata michirizi ya jiwe la tumbawe kama anayesoma maandishi, akaniuliza kama ni kweli lile jiwe liliwahi kuwa hai baharini. Hilo ndilo swali ambalo mwalimu hulisubiri mwaka mzima. Sikupata nafasi ya kulijibu sawasawa, kwa sababu mwenzake alikuwa ameshauliza la kwake: «Mwalimu, tumekuja Lamu, au tumekuja kugeuza gari?» Tukacheka, nikamwambia Lamu hapana hata pa kugeuzia gari. Lakini alikuwa amesema kweli. Siku tatu za njiani, na mchana mmoja wa mji.

Sasa niyapange malalamiko yangu.

1. Miritini. Treni ya abiria ya reli mpya ya SGR ilianza kazi katikati ya mwaka 2017, na kwa haki niseme kwamba imetufaa. Kwa kilomita zipatazo 470 msafiri amekaa kitini, anawaona tembo wa Tsavo waliojipaka vumbi jekundu, na watoto hawatapiki. Lakini kituo cha mwisho kiko upande wa bara, mabasi ya Lamu huanzia kisiwani, na barabara ya Malindi hutokea upande wa pili kabisa wa mji, ng'ambo ya daraja la Nyali. Msafiri wa Lamu hushuka kwenye treni akaanza safari nyingine ya kuivuka Mombasa, na mizigo yake kichwani, katika foleni ya Changamwe ambayo hakuna kati yenu asiyeijua.

Tazameni ratiba kwa jicho la mtu wa Lamu. Treni ya asubuhi huingia mchana, wakati mabasi yetu yameshakwenda. Treni ya alasiri huingia usiku. Zote mbili humlazimisha abiria kulala Mombasa au Malindi, alipe chumba, na apoteze siku. Treni ya usiku, ile inayoondoka Nairobi saa nne, huingia kabla ya alfajiri, na hiyo ingetufaa kuliko zote, kwa sababu mabasi ya Lamu huondoka asubuhi na mapema ili yawahi msafara unaosindikizwa na askari. Yaani treni na basi hukaribia kukutana kila siku ya Mungu, kisha hupishana kwa kukosa gari moja la kumtoa mtu Miritini gizani. Mama aliye na watoto wawili hatapanda bodaboda saa kumi ya usiku katika mji asioujua, na mimi singemshauri apande.

Upo na mlango mwingine, ambao sijawahi kusikia ukitajwa na ofisi yoyote. Treni ya asubuhi husimama Mariakani. Kutoka Mariakani kuna barabara inayopita Kaloleni ikaja kutokea Mavueni, karibu na Kilifi, bila kuigusa Mombasa hata kidogo. Nimeipita mwenyewe kwa matatu mbili. Gari moja dogo la kuisubiri treni pale lingemfikisha abiria wa Malindi kabla jua halijazama, naye angepita katikati ya nchi ya makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, badala ya katikati ya malori ya bandari. Sijui kwa nini jambo jepesi hivi limekosa mwenyewe.

2. Habari. Siku moja pale kituoni nilimwuliza mhudumu, kwa makusudi, jinsi ya kufika Lamu. Alinijibu kwa upole kabisa: «Mzee wangu, Lamu ni ndege.» Sikumlaumu, maana hakuna aliyempa jibu jingine la kutoa. Abiria hununua tiketi ya treni kwa simu, tiketi ya basi huikata dirishani kwa mtu mwingine, na mashua humalizana na nahodha, na katika hatua hizo tatu hapana hata moja inayomwambia ya pili iko wapi na inaondoka saa ngapi. Sisi wenyeji tunajua kwa kuulizana. Mgeni hana wa kumwuliza.

3. Gamba na Lango la Simba. Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Lami kutoka Garsen kupita Witu hadi Lamu tuliililia miaka mingi, na ilipokuja tulishukuru. Mimi nimewahi kulala matopeni ndani ya basi, kwa hiyo najua tofauti. Lakini barabara hiyo inavuka nchi ya delta ya Tana, ambayo ni ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2012, na delta haina desturi ya kumwomba mtu ruhusa. Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023 zilipokuja, kipande cha Gamba na Lango la Simba kiliingia maji, mabasi yakakwama, na Lamu ikawa kisiwa mara mbili. Mwaka 2024, katika masika, ikawa vivyo hivyo tena.

Shangazi yangu alikuwa akirudi kutoka kliniki Mombasa. Basi liliposimama ukingoni mwa maji, ng'ambo haikuonekana vizuri. Vijana walikuwa wakibeba watu mgongoni kwa malipo kuwafikisha kwenye mashua. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini, na katika umri wake wote hakuwahi kubebwa na mwanamume asiye maharimu yake. Alivua viatu akavishika mkono mmoja, dawa zake akazifunga kwenye pembe ya leso akazitia kifuani, akafumba macho. Alipofika nyumbani hakulalamikia maji wala ugonjwa. Alisema neno moja tu: «Nimebebwa kama gunia.»

Waheshimiwa, mafuriko yale si radi. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini. Hunywa mvua za Mlima Kenya na Nyandarua, hupita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hushuka Garissa, kisha Hola, ndipo ufike Garsen na kutawanyika. Masinga ikijaa hadi kumwagika, wanaoyaendesha mabwawa hayo wanajua siku hiyo hiyo. Watu wa Garissa huyaona maji kabla yetu, na wa Hola huyaona kabla ya wa Garsen. Huweza mvua kunyesha Murang'a, Gamba jua likawaka, na siku kadhaa baadaye barabara ikazama bila tone moja kuanguka juu yake. Siku hizo kadhaa ni mali. Lakini tiketi za basi huendelea kuuzwa Mombasa, na za treni Nairobi, hadi abiria ajionee mwenyewe kioo cha maji mbele ya dereva.

4. Vizuizi. Hakuna mtu wa Lamu anayehitaji kufundishwa kwa nini vizuizi vipo. Tuliwazika watu baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, ambalo liliua zaidi ya watu 60, na Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro. Askari wanaokaa katika jua lile wanatulinda, na wengine wao wameuawa katika njia hiyo hiyo. Siombi kizuizi hata kimoja kiondolewe. Ninacholalamikia ni kwamba ukaguzi haukumbuki: abiria aliyekaguliwa Minjila, karibu na Garsen, hukaguliwa upya mbele kana kwamba ameota njiani, na makundi ya wanafunzi, ambayo majina yao yangeweza kuthibitishwa siku tatu kabla, huamuliwa hapo hapo na askari mmoja kwa busara yake ya siku hiyo. Kwa bahati njema busara hiyo huwa ni nzuri mara nyingi. Lakini safari ya watoto haifai kutegemea bahati.

5. Jeti ya Mokowe, ambapo abiria hushuka basi wakapanda mashua ya kwenda kisiwani Lamu. Nitasema machache. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini huwa na ukoga, na wazee hushushwa kwa kushikwa makwapa. Jioni mwanga ni wa simu za mkononi. Jaketi za kujiokolea kwenye mashua nyingine zipo, lakini zimekaliwa kama mito.

6. Yanayopitwa. Kufikia mwaka 2024 Kenya ilikuwa na maeneo manane katika orodha ya Turathi za Dunia. Manne kati ya hayo yako kandokando ya safari hii moja: Ngome ya Yesu iliyoorodheshwa mwaka 2011, misitu ya makaya ya Wamijikenda mwaka 2008, magofu ya Gedi mwaka 2024, na mji wetu wa kale mwaka 2001. Nusu ya turathi za dunia za nchi nzima, katika njia ambayo mhudumu wa kituo anatuambia kuwa ni ndege!

Na hapo sijawataja wanyama. Msitu wa Arabuko-Sokoke unapakana na barabara kabla ya kufika Malindi, nao una bundi mdogo na isange wa matako ya dhahabu (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), viumbe wasiopatikana sehemu nyingi duniani. Kaskazini ya Garsen, kandokando ya mto, iko hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya aina mbili za kima ambao makao yao ni misitu ya Tana peke yake: mbega mwekundu na mangabi. Mbele ya Lamu kuna Dodori, Boni na bahari ya Kiunga yenye kasa na nguva. Njia ya huko kutoka Hindi, mji mdogo wa hapa Lamu bara, sitaigusa katika barua hii, maana hali yake ni nyingine, na anayeizungumzia kwa haraka hajawahi kuipita. Lakini Gedi, Sokoke na mto Tana viko katika njia ambayo mabasi hupita kila siku, na basi halisimami, kwa sababu likisimama litaachwa na msafara. Utalii wa namna hiyo ni wa kutazama vumbi. Mwanafunzi wangu anamaliza shule akiwa amepita umbali wa kutupa jiwe kutoka Gedi mara mbili, kwenda na kurudi, na zote mbili alikuwa amelala.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu nimeshapewa.

Mtasema usalama, na kwamba saa za msafara hazitangazwi ovyo. Sawa kabisa. Sitaki zibandikwe ukutani. Ninaloomba ni basi moja litakaloanzia Miritini badala ya mjini, lenye dereva yule yule, kampuni yenye leseni ile ile, na mpangilio ule ule na walinzi wake. Adui hafaidiki chochote kwa basi kubadilisha mahali pa kupakilia.

Mtasema wageni wa Lamu huja kwa ndege. Uwanja wa Manda upo, na wenye uwezo huutumia; Mungu awazidishie. Lakini nauli ya ndege ya mtu mmoja huwapeleka wanafunzi kadhaa kwa treni na basi. Mji ukiachiwa wanaoruka tu, utafika wakati watoto wa Kitui na wa Nakuru wataujua kwa picha, na Waingereza na Wataliano wataujua kwa miguu. Na shangazi yangu pia hapandi ndege.

Mtasema reli yetu inakuja. Hili nimeambiwa na watu wazima, tena kwa uso mkavu. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa hapa Machi 2012, ukiwa na bandari, barabara, bomba la mafuta na reli. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na tunaliona. Kuhusu reli, mtoto aliyezaliwa wiki ya uzinduzi ameshabaleghe, na bado hajaona taruma moja ikilazwa ardhini. Ikija tutaipokea kwa twari na matari. Kwa sasa tunayo ile ya Miritini.

Mwisho mtasema fedha. Kuinua tuta la barabara na kuongeza makalavati katika kipande cha Gamba kunahitaji fedha nyingi, nami sijifanyi sijui. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyaomba hapa chini inahitaji meza moja yenye watu watano waliokubali kukutana.

Kwa hiyo, kwa heshima, naomba yafuatayo.

Kwanza, basi la majaribio la kuipokea treni ya usiku Miritini na kuelekea Lamu moja kwa moja, hata kama ni mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, na gari dogo la kuipokea treni ya asubuhi Mariakani kwa abiria wa Kilifi na Malindi. Lisipopata abiria, lifuteni, nami nitaandika barua nyingine ya wazi ya kukiri kwamba nilikosea.

Pili, katika kila kituo cha treni kuanzia Nairobi, kuwe na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza njia ya Lamu hatua kwa hatua, na wahudumu wapewe nakala. Nimeshaiandika rasimu yake, kurasa mbili. Ichukueni bure.

Tatu, tahadhari ya maji. Wanaosimamia mabwawa ya juu, wanaosimamia barabara na wenye mabasi wawe na utaratibu wa kuarifiana pindi maji yanapoanza kushuka, na abiria aliyekwisha kulipa aambiwe kabla hajaondoka nyumbani na arudishiwe nauli bila kusumbuliwa. Pale Gamba na Lango la Simba pasimikwe nguzo za kupimia kina, zilizopakwa rangi, ili dereva asikisie. Na mpango wa kuinua kipande hicho cha barabara uwekwe wazi: utafanywa lini, kwa fedha za bajeti ipi, na nani ataulizwa usipofanywa.

Nne, makundi ya shule yaruhusiwe kuwasilisha orodha ya majina mapema katika kituo cha polisi cha mahali wanapotoka, yapewe cheti kimoja chenye muhuri, na cheti hicho kiheshimiwe katika kila kizuizi hadi Mokowe. Wakaguliwe, lakini wasianze kuulizwa upya kwamba ni akina nani.

Tano, ngazi na taa za Mokowe. Hili halihitaji hata kikao.

Sita, mara moja kwa wiki pawe na safari iliyopangwa kwa kusimama: Gedi asubuhi, kulala Malindi, na kuendelea Lamu kesho yake na msafara. Wenye dhamana ya turathi na wenye dhamana ya usalama wakikubaliana juu ya siku, sisi waongozaji tutajaza basi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Naomba barua hii ichukuliwe kuwa ombi kama hilo kuhusu mambo mawili: mpango wa barabara katika kipande cha Gamba na Lango la Simba, na utaratibu wowote uliopo wa kuiunganisha treni na usafiri wa kaskazini mwa Mombasa. Ikiwa haupo utaratibu, jibu la «haupo» nitalipokea pia, mradi liwe kwenye karatasi na liwe na sahihi.

Kundi langu lijalo ni la wanafunzi 28, katika likizo ya Agosti. Nimewashauri wapande treni ya usiku, na mimi nitasafiri siku moja kabla ili niwe Miritini saa kumi ya usiku na gari la kukodi, kwa sababu bado sioni wa kuwapokea. Mmoja wenu akipenda kuja kuona viungio hivyo kwa macho yake, kwenye gari letu nafasi ya mtu mmoja ipo, na nauli nitamlipia. Aje na tochi ya Mokowe.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwalimu mstaafu na mwongoza wanafunzi,
Langoni, Lamu.

Nakala kwa:
Wawakilishi wa wananchi wa Kilifi, Tana River na Lamu
Wenye mabasi ya njia ya Lamu
Walimu wakuu walioniandikia wakiuliza kama waje au waahirishe